Namna ya Kuwa Daktari wa Mbwa na Paka Bila Kuaibisha Ukoo

Kila mwaka vijana kadhaa hunijia macho yaking'aa, wakaniambia kwamba wanapenda sana wanyama, hivyo wanataka kuwa kama mimi. Huutazama kwanza mkono wangu wa kushoto wenye makovu kumi na moja ya meno, tisa ya paka na mawili ya mbwa, kisha nikawaambia wakae chini. Kupenda wanyama si sifa ya kazi hii. Wanyama hawana neno. Neno liko kwa wanaowaleta.

Basi kwa faida ya wale wasiosikia la mkuu, nimeandika mwongozo huu. Ufuateni hatua kwa hatua. Mkivunjika guu, mimi ni daktari, ila si wenu.

Hatua ya 1: Uandae ukoo mapema

Siku utakayotangaza kwamba umechaguliwa kusomea udaktari, vigelegele vitapigwa. Usiwe na haraka ya kumalizia sentensi. Waache wapike pilau, wale, washibe, ndipo useme: "Wa wanyama." Kimya kitakachofuata kitavunjwa na mjomba. "Si neno," atasema, "ng'ombe ni mali." Sasa vuta pumzi umweleze kwamba hukusudii ng'ombe. Unakusudia mbwa na paka.

Hapo utajua nani ni nani. Shangazi atauliza kama mbwa naye hupanga foleni. Babu atakukumbusha kwamba amefuga mbwa miaka hamsini, na dawa yao ilikuwa moja tu: majivu. Usibishane. Jibu kwa upole kwamba daktari wa binadamu husoma mnyama mmoja tu, wewe utasoma wote, kisha ondoka kabla hawajalitafakari.

Subira huvuta heri. Miaka saba baadaye mjomba huyohuyo atakupigia simu saa tano usiku. "Dokta, hebu kesho upite uniangalie huu mguu, umevimba." Utamwambia, "Mjomba, mimi ni wa mbwa." Naye atakujibu kwa hekima ya wazee: "Mguu si mguu?"

Hatua ya 2: Soma ng'ombe ili uje kutibu paka

Kwa Tanzania, njia inapita Morogoro. Mafunzo ya udaktari wa mifugo yalianza huko mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Utakaa miaka 5 chini ya milima ya Uluguru, ukitazama mawingu yakishuka alasiri huku ukikariri mishipa ya damu ya mguu wa mbele wa farasi, mnyama ambaye huenda usimtibu maisha yako yote.

Usilalamike, kwani hivyo ndivyo fani ilivyozaliwa. Shule ya kwanza ya aina hii ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, chini ya Claude Bourgelat, bingwa wa farasi, na moja ya sababu kubwa ilikuwa sotoka, ugonjwa uliokuwa ukifyeka ng'ombe wa Ulaya. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa pili kupata heshima hiyo baada ya ndui. Wakati wote huo mbwa alikuwa amelala mlangoni akisubiri zamu yake. Bado anasubiri. Ukifungua desa lolote utakuta ng'ombe ana kurasa arobaini, mbuzi kumi na tano, na mbwa na paka wamebanana mwishoni kama abiria wa daladala la jioni.

Kariri tu. Kariri kwamba mbwa mzima ana meno 42 na paka 30. Idadi hiyo utaikumbuka vizuri siku yatakapokuingia yote kwa pamoja. Kariri kwamba farasi hawezi kutapika, na kwamba mbwa hutapika hata bila kuulizwa. Na usihadaike na jina "wanyama wadogo". Boerboel, lile jibwa la ulinzi kutoka Afrika Kusini, hupita kilo 60 na huja kliniki likimburuta mwenyewe. Udogo huo umo vitabuni tu.

Ukifuzu, usikimbilie kuchapisha kadi za biashara. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka usajiliwe kwanza na Baraza la Veterinari. Jirani yako mwenye bomba la sindano na pikipiki hakusajiliwa popote, ana wateja kukuzidi, na atakuwa wa kwanza kukuletea kesi zilizomshinda.

Hatua ya 3: Jifunze Kiswahili cha chumba cha kusubiria

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mgonjwa wako hasemi, na aliyemleta hanyamazi. Utalipwa kwa kumsikia wa kwanza kupitia kelele za wa pili. Nakupa kamusi fupi uanze nayo.

"Ameanza jana." Maana yake: anaumwa tangu mwezi uliopita, ila jana ndipo alipochafua zulia.

"Huyu haumi, daktari." Hesabu vidole vya msemaji kabla hujasogea.

"Chanjo zote amepata." Kadi haipo, haijawahi kuwapo, na anayeijua ni mtu aliyehamia Mwanza.

"Nimempa dawa kidogo tu." Amempa kila kilichokuwamo kwenye droo, pamoja na kile cha presha ya baba.

"Hajala kitu chochote." Amekula kitu, na humo chumbani kuna mtu anayekijua.

Hili la mwisho nilifundishwa na mbwa mmoja aitwaye Simba, ambaye alikuwa akitapika kwa siku ya tano. Mama mwenye nyumba aliapa kwamba hajala kitu, yeye mwenyewe ndiye anayemlisha kwa mkono wake. Nyuma yake alisimama kijana wa kazi, ameshika mnyororo, anatazama dari kana kwamba dari inamdai. Nilimwomba mama aende mapokezi kuandikisha faili. Mlango ulipofungwa nikamwuliza kijana: "Ya kuchoma au ya kuchemsha?"

Akameza mate. "Ya kuchoma, daktari. Lakini tafadhali usimwambie mama."

Jioni ile nililitoa gunzi zima la hindi kwenye utumbo mwembamba. Pale lilipokwama utumbo ulikuwa umeshageuka rangi ya zambarau. Simba alipona. Mama nilimwambia kwamba mbwa huokota vitu barabarani, na kijana akanipungia mkono kutoka kiti cha nyuma cha gari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wangekaa siku moja kwenye chumba changu cha kusubiria wangeongeza ubeti: mficha gunzi naye yumo.

Si kila siri inachekesha. Bibi mmoja aliniletea paka ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga. Baada ya shikamoo na marahaba, nilifunua nikakuta uso wa paka umevimba, anahema kwa shida, na fizi zake zimekuwa rangi ya udongo. "Alikuwa na homa, mwanangu," bibi alisema, "nikampa nusu ya kile kidonge ninachompa mjukuu." Paracetamol. Ini la paka halina uwezo ambao la kwetu linao wa kuisafisha dawa hiyo. Inabaki inazunguka, inaharibu damu, na damu inashindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Tukakimbizana na maduka ya dawa tukitafuta asetilisistini, ambayo watu hunywa kulainisha makohozi na ambayo kwa paka wa namna hii ndiyo tiba iliyobaki. Paka wa bibi alipona. Wawili niliowapokea baada yake, kwa kisa hichohicho, hawakupona.

Kwa hiyo mwongozo unasema: usimkaripie anayekueleza ukweli. Bibi yule angeficha kidonge chake, ningekuwa bado napima malaria ya kupe.

Hatua ya 4: Kaza fundo, legeza mdomo

Upasuaji wa kwanza utakaofundishwa ni wa kumfunga uzazi mbwa jike, na kila mtu atakwambia ni mdogo. Ni mdogo kwa anayetazama. Unafungua tumbo, unatafuta kizazi, unakivuta kifuko cha yai juu kadiri kitakavyokubali, unafunga mshipa wake kwa uzi, unakata, na kile kisiki kilichofungwa unakirudisha ndani. Kisha unaomba.

Kama wewe ndiwe mwalimu, ugumu ni mara mbili, maana mikono inayofanya kazi si yako. Kanuni ya kejeli inasema: mnyang'anye mwanafunzi koleo mapema, umalize mwenyewe, uende ukanywe chai. Utakuwa umeokoa mbwa mmoja na kuharibu daktari mmoja.

Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti mpole ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi nyuzi zinapiga mluzi. Mbwa alikuwa mnene, yuko kwenye nusu kaputi, anakoroma. Upande wa kushoto ulikwenda salama. Upande wa kulia, ambako kifuko cha yai huwa kimejificha mbele zaidi, alifunga, akakata, akaachia. Fundo likateleza. Kisiki kikazama tumboni, na damu ikaanza kupanda kimyakimya kama maji ya kisima. Binti akanitazama. Barakoa ilikuwa imefunika uso wote isipokuwa macho, na macho yalikuwa yameshaandika barua ya kuacha chuo.

Kidole changu kilikwishaanza kunyooka kuelekea koleo. Nikakirudisha. "Duodeni iko wapi?" nilimwuliza.

"Kulia, Dokta."

"Ishike. Ivute kuelekea kushoto."

Akaivuta. Wanaojua watanielewa: sehemu hiyo ya mwanzo ya utumbo mwembamba ina utando wake, na ukiuvuta unakusanya matumbo yote mengine na kuyasukuma pembeni kama pazia. Nyuma ya pazia linabaki figo, na karibu na figo kile kisiki kinachovuja. Akakiona. Akakibana. Alipofunga mara ya pili, mikono ilikuwa imetulia kama ya fundi saa. Leo binti huyo anafundisha wengine, na nasikia ana sifa ya kuuliza swali moja kabla mwanafunzi hajashika kisu: duodeni iko wapi?

Hatua ya 5: Fundisha, lakini usitegemee shukrani

Kama hukutosheka na wagonjwa wasiosema, tafuta wanafunzi. Nao hawasemi. Ukiuliza "Mmeelewa?" watajibu "Ndiyo" kwa sauti moja, hata kama umetoka kueleza bei ya nyanya. Anayejua kiasi atakuna kichwa. Asiyejua kabisa atajibu haraka.

Jaribio la kwanza la unyofu wa mwanafunzi ni kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi, na kwa kuwa kipimajoto huingizwa mahali pasipo na heshima, kuna wanaoona afadhali kukadiria. Utapitia fomu za asubuhi ukute wodi nzima ina nyuzi 38.5, kama vile wagonjwa walikutana usiku wakaafikiana. Siku moja niliikuta 38.5 ikiwa imeandikwa saa mbili asubuhi kwa mbwa aliyekufa alfajiri.

"Na mapigo ya moyo?" nilimwuliza mhusika.

"Ya kawaida, Dokta."

Nilimpeleka akamsalimie mgonjwa wake. Sikumpa sapu. Nilimpa adhabu kubwa zaidi: muhula mzima kila nikimwuliza swali asilolijua, alitakiwa aseme "Sijui, ngoja nipime" mbele ya wenzake wote. Wiki ya kwanza alisema akitazama viatu. Mwisho wa muhula alikuwa anasema akitazama mgonjwa. Hakuna sentensi nyingine niliyowahi kufundisha yenye faida kama hiyo, na haipo kwenye mtihani.

Kuhusu tuzo, jiandae kisaikolojia. Morogoro kuna panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kugundua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akasaidia kugundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kuhudumia wanyama. Alistahili kila gramu. Mimi kwa miaka yangu yote darasani nimepata kalenda mbili za muuza dawa, na moja ilikuwa ya mwaka uliopita.

Hatua ya 6: Taja bei bila kupepesa macho

Uliweza kutoa gunzi, sasa jaribu kutoa ankara. "Daktari," mteja atasema, "mbwa mwenyewe nilipewa bure!" Hoja hii haina jibu la kitaalamu. Jibu la mtaani lipo: muulize hilo geti ambalo mbwa analilinda amelijenga kwa shilingi ngapi.

Wengine watalipa kwa papai. Pokea. Wengine watalipa kwa kuku aliye hai, ambaye kesho yake utagundua ana mafua, hivyo umelipwa mgonjwa. Na wengi hawatalipa kabisa, kwa sababu hawaji: watakutumia picha kwa simu saa sita usiku. Utafungua ukidhani ni salamu za ndugu, ukutane na kinyesi kilichopigwa kwa ustadi mkubwa, kivuli na mwanga vimezingatiwa, na chini yake maneno mawili: "Hii kawaida?"

Jibu: "Sijui, mlete nipime." Unaona? Darasa linaendelea.

Hatua ya 7: Jua pa kuacha mzaha

Nimecheka na kila kitu mpaka hapa. Hapa sicheki.

Magonjwa ya "wanyama wadogo" hayajui kimo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti, uliua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo. Na kwa binadamu ipo kichaa cha mbwa. Duniani huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, watoto wengi wakiwamo, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza, tiba hakuna.

Alasiri moja waliletwa mbwa watatu kwa mpigo. Wa tatu hakuwa mkali hata kidogo. Alisimama kimya, taya limedondoka, mate yanachuruzika, sauti imekauka. "Ana mfupa kooni," mwenyewe alisema, na kweli alionekana hivyo hasa. Mwanafunzi wangu, yuleyule wa 38.5, alikuwa karibu na meza. Akanyanyua mkono wa kulia, bila glovu, auingize mdomoni kuutafuta mfupa. Nilikuwa hatua nne mbali, na nilijua nisingefika.

Mkono ukasimama hewani.

"Sijui," alisema. "Ngoja kwanza. Mbwa huyu ana kadi ya chanjo?"

Hakuwa nayo. Hakuwa na mfupa pia. Kichaa cha mbwa kina sura mbili, na hii ya ukimya, ya taya lililopooza, ndiyo inayowadanganya watu watie mkono. Mbwa yule alitengwa, akafa baada ya siku mbili, na maabara ikathibitisha. Mwenyewe na watoto wake wawili, ambao walikuwa wamemfungua mdomo asubuhi kumtafutia huo mfupa, walipelekwa hospitali siku ileile wakachomwa chanjo. Wote wapo.

Kwa hiyo, msomaji, hata kama hutaki kazi hii na ukoo wako umefurahi, chukua machache. Ukiumwa na mbwa, au mate yake yakaingia kwenye kidonda, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, si kesho, na si baada ya kupaka majivu ya babu. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kuukumbusha ulimwengu jambo hilo, lakini mbwa wako hahitaji kuisubiri.

Ukimaliza kusoma, nenda kaitafute kadi yake. "Chanjo zote amepata" si jibu. Tayari limo kwenye kamusi.